Kura, Shura na Jaa la Mwakirunge

Swali la iwapo demokrasia inaweza kutatua matatizo ya kisiasa na ya kijamii katika jamii za Waislamu limezoeleka kuulizwa kana kwamba jibu lake limo ndani ya vitabu vya dini peke yake. Wanaoitwa kulijibu huwa ni wanazuoni na wanasiasa, ilhali wanaoishi na matokeo ya jibu hilo, yaani wakaazi wa mitaa isiyo na maji ya mfereji, vijana wasio na kazi na familia zilizojenga juu ya ardhi zisizo na hatimiliki, hawaulizwi chochote. Makala haya yanalitazama swali hilo kutoka Mwakirunge, wadi iliyo pembezoni mwa Kisauni kuelekea Kaunti ya Kilifi, ambako taka za mji wa Mombasa humwagwa. Wakaazi wake ni Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila za Mijikenda wanaoishi pamoja, na kilio chao ni kimoja. Utawala wowote hupimika vyema zaidi pale unapowafikia, au unaposhindwa kuwafikia, watu wa pembezoni kama hawa.

Demokrasia, kwa maana inayotumika hapa, haiishii katika siku ya kupiga kura. Ni mpango wa utawala ambamo viongozi huchaguliwa kwa uhuru, huondolewa kwa amani, hubanwa na sheria ambayo hawawezi kuigeuza wapendavyo, na hulazimika kutoa hesabu ya walichofanya kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Makundi mawili yasiyopatana katika mengi yamekubaliana kuwa mpango huo hauwezi kukaa pamoja na Uislamu. Kundi la kwanza ni la baadhi ya waandishi wa Magharibi wanaoshikilia kuwa dini hii haimwachii mwanadamu nafasi ya kujitungia sheria. Kundi la pili ni la wahubiri, wakiwemo wachache waliopata wafuasi katika misikiti ya Mombasa katika miaka ya 2000 na 2010, waliofundisha kuwa kupiga kura ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu katika hukumu yake. Historia ya mwambao wa Afrika Mashariki inayakanusha makundi yote mawili, lakini pia haiwafariji wale wanaodhani kuwa sanduku la kura peke yake linatosha.

Maneno na asili yake

Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya safari hii. Neno "kura" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuchagua kwa bahati, kama wafanyavyo warithi wanaogawana mafungu ya urithi pasipo kuonekana mpendelewa. Hadi leo "kupiga kura" hubeba maana zote mbili, ya bahati na ya uchaguzi. Neno "raia" nalo, katika Kiarabu, lilimaanisha watu walio chini ya mtawala, na mzizi wake ni uleule wa kuchunga kundi la mifugo, lakini katika Kiswahili cha leo raia ni mwenye nchi, mtu anayeweza kumdai mtawala haki yake. Hivyo wasemaji wa lugha hii walikwisha kulihamisha neno kutoka kwa anayechungwa hadi kwa mwenye haki, ingawa katiba na serikali zimechelewa kufuata.

Ndani ya mafundisho ya Uislamu yapo maneno mengine matatu yanayohusika moja kwa moja na jambo hili. La kwanza ni shura, yaani mashauriano, ambalo ni jina la Sura ya 42 ya Qurani, na aya ya 38 ya sura hiyo inawasifu waumini wanaoendesha mambo yao kwa kushauriana. Mtume alipofariki mwaka 632, Abu Bakr alichaguliwa katika mkutano wenye mabishano makali kisha akapewa baia, yaani ahadi ya utiifu inayotolewa na watu kwa kiongozi, na mwaka 644 Umar, aliyemfuata Abu Bakr, aliacha baraza la watu sita wamteue mrithi wake. Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani iwapo shura humfunga mtawala kufuata alichoshauriwa au humpa maoni tu anayoweza kuyaacha, na hitilafu hiyo ndiyo hasa tofauti kati ya demokrasia na utawala wa mtu mmoja mwenye washauri.

Neno la pili ni amana, linalofundisha kuwa cheo ni kitu kilichowekwa mkononi mwa mtu kwa niaba ya wengine na kwamba ataulizwa juu yake. La tatu ni hisba, yaani usimamizi wa mambo ya umma, ambao katika miji ya kale ya Waislamu ulikabidhiwa ofisa aliyeitwa muhtasibu. Al-Mawardi, mwanasheria wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alieleza kwa kirefu kazi za ofisa huyo, ambazo zilihusu mizani ya wauzaji, njia za watu, maji na kuzuia madhara ya jirani kwa jirani. Kwa hiyo mkaazi wa Mwakirunge anayelalamikia moshi wa jaa la taka halazimiki kuazima fikra za kigeni ili ahesabike kuwa na hoja, kwa sababu dini yake ilikwisha kulihesabu lalamiko la namna hiyo kuwa jambo la dola.

Mombasa yenyewe ilitoa mtu aliyefikiri kwa njia hii mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu, waache uvivu wa fikra na wajadili mambo yao hadharani. Gazeti, kwa mikono yake, lilikuwa baraza lililochapishwa, na baraza ni mzizi wa kila siasa ya hiari katika miji ya Waswahili.

Mwambao usioulizwa

Tatizo kubwa la pwani, tangu mwanzo, limekuwa ni watu kuamuliwa mambo yao bila kuulizwa. Mwaka 1887 Sultani wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kiingereza usimamizi wa ukanda wa maili kumi wa mwambao, na kuanzia mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikauchukua kwa kulipa kodi kila mwaka. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wajitokeze kuthibitisha madai yao, na jamii nyingi za Mijikenda, ambazo zilimiliki ardhi kwa ukoo na hazikuwa na hati, zilijikuta zikihesabiwa kuwa wageni juu ya mashamba ya babu zao. Ndiyo asili ya neno "skwota" katika Kisauni na Likoni, neno linalomwita mwenyeji mvamizi. Mwezi Oktoba mwaka 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya na kwamba mahakama za Kadhi zilindwe, lakini wakaazi wa mwambao hawakupewa kura ya maoni juu ya jambo hilo.

Vyama vingi viliporudi, baada ya katiba kurekebishwa mwishoni mwa mwaka 1991, Waislamu wengi wa Mombasa walijiunga na Islamic Party of Kenya, kilichojulikana kwa kifupi kama IPK, na serikali ikakataa kukisajili kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Hoja hiyo ya kisheria ina uzito wake, na katiba ya sasa, katika kifungu cha 91, inakataza vyama vilivyojengwa juu ya dini, kabila au eneo. Hata hivyo, malalamiko yaliyokizaa chama hayakusajiliwa popote pengine, na mji ukaingia katika ghasia za barabarani. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na mashambulizi yaliyofuata yaliwaua watu wasiopungua 100 na kuwafukuza makwao maelfu ya wengine, hasa watu wa bara waliohamia pwani. Dhuluma ya kweli ya ardhi iligeuzwa silaha ya kupunguza wapiga kura wa upande mmoja, na hapo ikaonekana kwamba uchaguzi bila sheria unaweza kuwa hatari kuliko kukosa uchaguzi.

Kilio kilekile kilirudi kwa jina la Mombasa Republican Council, kundi lililotangaza kuwa Pwani si Kenya. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, lakini mwezi Julai mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kuwa marufuku hayo yalikiuka katiba. Katika miaka iliyofuata wahubiri kadhaa waliuawa, wakiwemo waliotuhumiwa kuwa na msimamo mkali na waliopinga msimamo huo, misikiti ya Majengo na Kisauni ilivamiwa na polisi mwaka 2014, na vijana wakatoweka, baadhi wakienda Somalia na wengine wasijulikane walipo. Mashirika ya kutetea haki za binadamu ya Haki Africa na MUHURI yalipofungiwa akaunti zao za benki mwaka 2015, mahakama ya Mombasa iliamuru zifunguliwe mwaka huohuo. Matukio haya yanafundisha jambo moja, kwamba palipokuwa na chombo cha kusikiliza, hata kikichelewa, hasira iligeuka kesi, na palipokosekana, hasira iligeuka panga.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kujenga vyombo hivyo. Ilipitishwa kwa takriban asilimia 67 ya kura katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, licha ya makanisa mengi kuipinga kwa sababu ya mahakama za Kadhi, ambazo zilibaki katika kifungu cha 170 kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu waliokubali mamlaka ya mahakama hizo. Waislamu, ambao sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa kama asilimia 11 ya Wakenya, walipata ulinzi huo kwa kura za wananchi wengi wasio wa dini yao. Mahakama hizo pia si ngome ya wanaume kama inavyodhaniwa, kwani utafiti wa Susan Hirsch uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wanawake wa Kiswahili ndio waliozitumia zaidi na mara nyingi walishinda. Migogoro haijaisha. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2025 kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa ya Kiislamu wasinyimwe urithi wa baba yao ulizua mjadala mkali kuhusu mpaka kati ya usawa na sheria ya dini. Mjadala huo, hata hivyo, umeendeshwa mahakamani, mimbarini na redioni bila damu kumwagika, na kuwapa watu mahali pa kutofautiana ndilo jambo la kwanza ambalo demokrasia huahidi.

Funzo la Unguja na Pemba

Mombasa ni mji mchanganyiko ndani ya nchi yenye Wakristo wengi, kwa hiyo anayetaka kuipima demokrasia miongoni mwa watu ambao karibu wote ni Waislamu hana budi kuvuka bahari hadi Zanzibar. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata kama asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na mwezi mmoja baada ya uhuru wa Desemba 1963 yakafuata mapinduzi ya Januari 1964. Vyama vingi viliporejea, katika uchaguzi wa rais wa Zanzibar wa mwaka 1995 ilitangazwa kuwa Rais Salmin Amour alipata asilimia 50.2 na mpinzani wake, Seif Sharif Hamad, asilimia 49.8, matokeo ambayo upinzani uliyakataa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, maandamano ya Januari 2001 yalizimwa kwa risasi, zaidi ya watu 30 wakauawa, na zaidi ya Wapemba 2,000 wakavuka kwa vyombo vidogo hadi Shimoni, katika pwani ya Kenya.

Inafaa kuzingatia kwamba pande zote mbili zilisali katika misikiti ileile. Dini haikuwa chanzo cha ugomvi, na wala haikuweza kuuzuia peke yake. Kilichouzuia, kwa muda, ni utaratibu. Mwezi Novemba mwaka 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikubaliana kuzika uhasama, na katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya Wazanzibari waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo chama kinachoshika nafasi ya pili hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa mwaka huo ulitoa matokeo ya karibu mno, asilimia 50.1 kwa Ali Mohamed Shein na 49.1 kwa Seif, na hakuna damu iliyomwagika. Wazanzibari waliyaita hayo Maridhiano, neno ambalo ndani yake mna radhi, na mwanazuoni yeyote angelitambua kuwa ni tunda la shura.

Kisha tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi mzima kabla matokeo yote hayajatangazwa. Ukarudiwa mwezi Machi mwaka 2016 bila chama kikuu cha upinzani, na mshindi akapewa zaidi ya asilimia 91. Siku moja ya tangazo iliharibu kazi ya miaka sita. Waislamu wa Zanzibar walikuwa wamethibitisha kuwa wanaiweza demokrasia, na walioshindwa mtihani huo ni waliokabidhiwa amana ya kuhesabu.

Mifano ya mbali inathibitisha hayo. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, imebadilisha viongozi kwa kura tangu mwaka 1999, na Senegal ilimchagua Bassirou Diomaye Faye Machi 2024 siku chache baada ya kutoka gerezani. Nchini Algeria jeshi liliukatisha uchaguzi Januari 1992 pale chama cha Kiislamu kilipokaribia kushinda, na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ikafuata. Tunisia, iliyopata katiba ya kupigiwa mfano mwaka 2014, ilishuhudia bunge likisimamishwa na rais Julai 2021, na wananchi wengi walishangilia kwa kuwa miaka kumi ya uhuru haikuwaletea kazi wala mkate. Mfano huu wa Tunisia ndio unaoihusu Mwakirunge zaidi.

Kura isiyofika jaani

Ugatuzi, yaani kuhamishia kaunti sehemu ya madaraka na fedha, ulianza mwaka 2013 kwa ahadi kwamba maamuzi yatasogea karibu na watu. Jedwali la Nne la katiba limeipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa, kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Kwa maandishi, basi, mkaazi wa Mwakirunge ana silaha zote.

Jaa la zamani la Kibarani lilikuwa kando ya barabara kuu iingiayo kisiwani, mahali ambapo kila mgeni alilipita na kuziba pua, na mwaka 2018 lilifungwa, pakaanza kupandwa miti. Taka hazikutoweka. Zilielekezwa Mwakirunge, ambako hakuna mgeni apitaye, na huko waokotaji, wakiwemo kina mama, hupekua plastiki na vyuma chakavu katikati ya nzi na moshi, kisha huviuza kwa kilo. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinapozalishwa, lakini sheria hiyo haina thamani jaani iwapo lori linaendelea kumwaga vyote pamoja.

Tofauti kati ya Kibarani na Mwakirunge haitokani na dini ya wakaazi wala ya watawala. Inatokana na uzito wa sauti. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na zaidi ya wapiga kura 640,000 waliosajiliwa mwaka 2022, lakini chini ya nusu yao walijitokeza tarehe 9 Agosti, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa takriban asilimia 65. Uchaguzi wa gavana, ulioahirishwa hadi tarehe 29 Agosti, ulitoa mshindi kwa kura zipatazo 119,000, yaani chini ya moja kwa tano ya waliosajiliwa. Ushindi huo ni halali kabisa kisheria. Lakini pale watu wanne kati ya watano hawakumchagua kiongozi, wengi wao kwa sababu hawakwenda kabisa, kiongozi yeyote angepata shida kujua amana aliyopewa ni ya nani, na mkaazi wa pembezoni hana la kumtishia nalo.

Mfano mwingine wa Mombasa bara unaonyesha njia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakaazi kwa madini ya risasi. Wakaazi, Waislamu na Wakristo pamoja, wakiongozwa na Phyllis Omido aliyepewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, waliandamana, wakakusanya vipimo vya damu, wakashtaki. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ilichukua miaka mingi mno, na waliozikwa hawakungoja, lakini ushindi ulitokana na watu walioendelea kudai baada ya kura kuhesabiwa.

Baada ya sanduku kufungwa

Jibu la swali lililoanzisha makala haya, basi, ni kwamba demokrasia inaweza kutatua matatizo ya jamii za Waislamu, kwa masharti yaleyale inayoyahitaji mahali pengine popote, nayo ni tume inayohesabu kwa uaminifu, mahakama isiyoogopa, aliyeshindwa asiyefutwa, na wananchi wasiorudi kulala baada ya uchaguzi. Uislamu hauzuii hata moja kati ya hayo. Hotuba ya Ijumaa inayozungumzia usafi wa nguo na udhu inaweza pia kuzungumzia bajeti ya taka, kwani madhara yanayomfika jirani ni suala la dini. Kamati ya msikiti inayojua jina la kila yatima wa mtaa inaweza kuhudhuria kikao cha wadi na kuuliza lori la taka linaelekea wapi, na ikae na kamati ya kanisa na wazee wa kaya za Mijikenda katika baraza moja, kwa kuwa moshi wa jaa hauchagui nyumba.

Jukumu la wenye madaraka ni zito zaidi. Anayeitisha kikao cha kushirikisha umma akiwa amekwisha kuamua amerudi kwenye ile shura isiyomfunga mtawala, na watu hung'amua haraka, kisha siku ya uchaguzi hubaki nyumbani. Kujitenga kwao si uvivu wala si fatwa. Ni hukumu wanayoitoa kimya kimya juu ya ahadi zisizotimizwa, na historia ya Likoni inaonya kuwa ukimya huo una mwisho.

Neno kura lilianza na maana ya bahati, mtu akitoa mkono bila kujua fungu lipi litamwangukia. Kwa mkaazi wa Mwakirunge limebaki na maana hiyo hadi leo, kwa kuwa fungu lililomwangukia ni jaa, na hakuna aliyemuuliza. Litapata maana yake ya pili siku ambayo lori la taka litasimama kwa sababu watu wa wadi hiyo walisema lisimame, na aliyepewa amana akatii.